Jina Langu, Mguu wa Mjomba Wako

Ngokolo, Shinyanga
Alasiri

Mwanangu Limi,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako Kabula, na mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za safari. Nyumba imetulia kidogo. Nimeona niandike sasa kabla hujarudi, maana nikikutazama usoni maneno yatanikwama, na wewe unajua baba yako akikwama huishia kuuliza habari za mafuta ya pikipiki.

Mambo ya sweta, ya kupiga simu ukifika Dar, ya kutomwachia mtu begi lako uwanja wa ndege, mama yako ameshayamaliza na atayarudia tena kesho stendi. Mimi sitayagusa. Nataka nikuandikie habari za kule machimboni Mwakitolyo, ule mwaka wa kura. Unazijua kwa upande wako. Za upande wangu hatujawahi kuzizungumza tukazimaliza, na huko uendako, kujifunza kuhesabu chembe za ndani ya ubongo wenyewe, nadhani zitakufaa.

Wakati ule ulikuwa umemaliza kidato cha sita, unasubiri chuo. Mimi nilikuwa msimamizi wa duara letu, shimo la dhahabu tulilochimba kwa pamoja. Shimo lilikuwa na wachimbaji wengi, na neno langu lilikuwa na uzito kwao. Pia nilikuwa mchomaji. Mtu akitoka mwaloni kuosha mawe yake, akishapata kile kidonge cha dhahabu kilichoshikana na zebaki, alikileta kwangu nikichome mpaka zebaki iondoke kwa moshi na dhahabu ibaki. Nilichomea chumbani kwetu, mlango nimeufunga, kwa sababu nje kuna upepo na kuna macho ya watu.

Mjomba wako Masanja alikuwa amekuja kukaa nasi. Alikuwa kuli wa Isaka kwa miaka mingi, akipakia na kupakua mizigo ya malori, mpaka miguu ikamshinda. Ilikuwa inawaka moto. Usiku alilala na miguu ndani ya beseni la maji, na mchana alitembea ameshika kandambili mkononi kwa sababu hata kandambili zilimuuma. Mama yako alikuwa akimtazama kaka yake anageuza uso. Hospitali hakutaka kusikia. Alisema amerogwa Isaka na mtu waliyegombania zamu.

Ndipo akaja Daktari Rehema na wenzake. Mwanamke wa Tanga, mpole, hijabu yake haikupata vumbi hata siku moja, sijui alifanyaje. Wakakuchukua wewe uwe mkalimani, kwa kuwa wazee wengi pale Kiswahili chao ni cha sokoni tu. Nilijivuna sana. Nilikaa mbele kwenye mkutano, pale uwanja wa shule, nikakusikiliza ukigeuza maneno ya daktari kuwa Kisukuma.

Alisema wanataka kujua kama kazi zetu zinaharibu mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo. Akasema ncha za mishipa hiyo zimejaa kwenye ngozi, nyembamba kama nyuzi za buibui, na mtu akikata kipande kidogo cha ngozi juu ya kifundo cha mguu, kidogo kuliko punje ya choroko, anaweza kuziona na kuzihesabu. Hawawezi kukata ngozi ya kila mtu, kwa hiyo watachagua wachache kwa kura. Majina ya kaya zote yaliingia kwenye ndoo. Mtoto wa mwenyekiti akachota.

Jina la kwanza lilikuwa la jirani yetu. La pili lilikuwa langu.

Nilisimama. Nakumbuka nilichosema, na watu walicheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka.

"Daktari, mimi mzima kama ng'ombe dume. Nyumbani nina shemeji ambaye miguu inamwaka moto. Mchukue yule. Mimi utanikata ngozi bure."

"Hapana, Baba Limi," alisema. "Kura imekuangukia wewe."

"Unatafuta ugonjwa kwa watu wazima?"

"Natafuta hali ya watu wa hapa. Na wewe ni mtu wa hapa."

Maneno yake niliyasikia bila kuyasikiliza. Mimi nilikuwa na hesabu yangu kichwani: atakayekatwa ngozi ndiye atakayetibiwa. Nafasi imekuja kwenye nyumba yangu, na katika nyumba yangu mgonjwa ni Masanja. Baba gani anakula dawa ya mgonjwa wake? Niliona daktari ni msomi asiyejua kugawa chakula.

Kesho yake nikampa Masanja karatasi yenye namba niliyopewa kwenye kura. Nikamwambia, "Nenda. Wakikuuliza, wewe ni Shija, mchomaji." Mama yako alikuwepo. Hakupinga. Alimfungia kaka yake shuka safi, akamwombea.

Nilimfuata mpaka shuleni, nikasimama nje ya dirisha la darasa walilokuwa wanafanyia kazi. Nilitaka kuhakikisha anaingia. Sikuwaza kabisa kuwa wewe ndiye uliyekaa pale mezani na nesi. Au niliwaza, nikaamini tu kwamba mtoto wangu atajua la kufanya, maana yake atanyamaza.

Nesi akamuuliza jina. "Shija." Kazi? "Nachoma dhahabu." Masanja alikuwa anatazama chini, kandambili mkononi. Nesi akakwambia umweleze kwa Kisukuma jinsi ya kukaa.

Ulimwamkia kwanza. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mayu," akasema, akikuita mama kwa Kisukuma kwa sauti ndogo, akakutazama kama mtu anayeomba maji.

Nilikuona ukishika ukingo wa meza. Nesi akakugeukia. Kisha ukasema kwa Kiswahili, kila mtu darasani akasikia: "Dada, huyu si Shija. Shija ni baba yangu. Huyu ni mjomba wangu Masanja, na jina lake halikutoka kwenye kura."

Limi, nimeshukia mashimo marefu kwa kamba mbovu. Sijawahi kuhisi ardhi ikiondoka chini ya miguu kama siku ile. Kwenye foleni walikuwepo watu wa duara langu. Niligeuka nikaondoka, sikungoja kuona kilichofuata.

Jioni ile unaikumbuka. Mama yako alianza kabla yangu. "Limi, yule ni kaka yangu. Umemvua nguo mbele ya watu." Ukalia, lakini hukurudi nyuma. Uliniambia, "Baba, ukimpeleka mgonjwa kwa jina la mzima, atakayesoma majibu atadhani wachomaji wote wako kama mjomba. Na wewe mwenyewe utakuwa hujahesabiwa popote."

"Wewe unajua nini?"

"Najua lile lundo la marudio ulilonunua kule Geita. Ulitazama gunia la juu lililowekwa uone, ukanunua lundo zima. Uliporudi ulituambia nini?"

Nilipiga meza. Nikakwambia usinifundishe kazi yangu. Ulikuwa umesema kweli, na ndiyo maana nilipiga meza. Lile lundo la mabaki ya mawe yaliyokwishaoshwa lilikuwa mchanga mtupu chini. Muuzaji alijua gunia gani nianze nalo, na mimi nilijiona mjanja kwa sababu nilitia mkono wangu mwenyewe. Mkono wangu ulikwenda pale alipotaka yeye uende.

Tangu jioni ile nikaacha kuzungumza nawe. Ulikuwa unaniamkia asubuhi, naitikia bila kukutazama. Ilikuwa adhabu ya kijinga, na nilijua ni ya kijinga, nikaiendeleza kwa sababu sikujua pa kuiachia. Wakati huohuo wengine waliotoka kwenye kura nao wakaanza kukataa, wakisema hata Shija amekataa. Uvumi ukaanza vilevile: vipande vya ngozi vinapelekwa kwa waganga kuvutia dhahabu. Unajua eneo letu na habari hizo, namna zilivyoua watu wasio na hatia. Daktari Rehema akasimamisha kazi. Mimi nilisikia uvumi ule duarani, kwa watu wangu. Sikuukana. Nilinyamaza tu, nikaendelea kuvuta kamba.

Aliyenitoa pale ni Masanja. Kumbe ile siku, nilipoondoka kwa hasira, daktari hakumfukuza. Alimkalisha pembeni, akamtazama miguu, akamuuliza kama anasikia kiu sana, kama anaamka usiku kukojoa. Akamtoboa kidole. Akampeleka hospitali ya mjini kwa gari lao wenyewe. Aliporudi alinikuta nimekaa nje, akaketi kando yangu, miguu ameinyoosha.

"Shemeji, nina sukari," alisema. "Wanasema ni ya siku nyingi. Ndiyo inayokula miguu. Wamenipa vidonge."

"Si zebaki?"

"Zebaki gani? Mimi nimewahi kuchoma lini?" Akaanza kucheka. "Hebu fikiri ningekatwa kwa jina lako. Wangeandika Shija mchomaji, miguu imekwisha kwa moshi. Wangelaumu moshi kwa chai yangu ya Isaka yenye vijiko vya sukari!"

Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akasema, bila kucheka, "Yule mtoto msemeshe. Mimi niliyevuliwa nguo sina neno naye. Kama angenyamaza, nami ningenyamaza, nikaoza kimya kimya."

Kesho yake nilikwenda shuleni. Daktari Rehema alikuwa anafunga masanduku. Nilimwamkia, nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa nafasi yangu imekwenda kwa mtu mwingine, na nilitamani iwe hivyo.

"Nafasi yako bado iko wazi, Baba Limi," alisema.

"Hamkuweka mtu?"

"Hatuwezi kuweka mtu. Kama usingekuja, tungeandika kwamba tulikukosa."

Neno hilo lilinikaa. Mimi maisha yangu yote nimejua kwamba pengo huzibwa. Mtu hajaja shimoni, unaita mwingine. Gunia halijajaa, unaongeza. Huyu mwanamke alikuwa tayari kuacha pengo lionekane.

Alinichoma sindano ya ganzi, nikasikia kama mtu ananibonyeza kwa kidole, basi. Aliponionyesha kile kipande kwenye kichupa nilikaribia kumwuliza kama ndicho hicho tu. Nikatoka na plasta juu ya kifundo, nikaenda moja kwa moja duarani, nikaikunja suruali watu waone. Nikawaambia kwamba ngozi yangu imekwenda Mwanza maabara, na kama kuna mganga atakayepata dhahabu kwa mguu wa Shija aje anigawie, kwa sababu mimi niliye nao sijaipata. Wakacheka. Wengi wakaenda. Wengine walikataa mpaka mwisho, na daktari akawaandika kuwa wamekataa, hakuwaandama.

Jioni nilikwambia, "Limi, niletee maji ya kunywa." Ulijua maana yake. Uliyaleta ukakaa.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna siku ya Mwanza, na hiyo ndiyo ninayoirudia kila ninapokuwa peke yangu.

Ulikuwa chuoni tayari, na likizo ulikuwa unafanya kazi kwenye maabara ile waliyopeleka vipande vyetu. Nilikuja kukuona na debe la viazi. Ukaniingiza kwa ruhusa. Ulikuwa umevaa koti jeupe, unatazama kwenye hadubini, mkono mmoja unabonyeza kidude cha kuhesabia. Ukanionyesha. Niliona rangi ya kijani gizani, nyuzi zinapanda kutoka chini kuelekea juu ya ngozi kama mizizi iliyogeuzwa. Ukanieleza kwamba kila kipande kimekatwa kuwa vipande vyembamba vingi, na hamchagui kile kinachopendeza. Cha kuanzia mnakipata kwa kura, kisha mnaruka kwa mpangilio uleule mpaka mwisho. Ukasema uzi unahesabiwa pale unapovuka mstari, mara moja tu. Ukigawanyika matawi baada ya kuvuka bado ni mmoja, hata kama unatamani kuongeza.

Vioo vilivyobeba vipande hivyo vilikuwa na namba tu. Nikakuuliza, kwa utani, "Changu ni kipi?"

"Sijui, baba."

"Muulize mwenzako akwambie."

Ukaondoa jicho kwenye hadubini, ukanitazama. "Sitaki kujua. Nikijua, nitakuhurumia. Nitaona uzi pasipo na uzi."

Niliangalia vile vioo vilivyopangwa kwenye sanduku. Katika hivyo mimi nilikuwemo, na binti yangu ataufikia mguu wangu, atauhesabu, ataupita, asijue. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Nilikuwa na uchungu na nilikuwa na fahari, na sikuweza kuvitenganisha.

Majibu yalipokuja, Daktari Rehema aliyaleta mwenyewe Mwakitolyo. Wewe ulikuwa kwenye mitihani. Nimewahi kukusimulia, ila nilifupisha. Alisema kwamba kwa ujumla, wanaochomea ndani ya nyumba wana nyuzi pungufu kuliko wachimbaji wasiochoma, na wengi wao hawajisikii ugonjwa wowote bado. Akasema hana uhakika wa kila kitu, kwamba waliokataa wameacha shimo kwenye hesabu, na inabidi utafiti urudiwe kwingine. Nilimwuliza zangu ni ngapi. Akaniambia faragha kwamba ni chache kidogo, lakini namba ya mtu mmoja peke yake haitoshi kumwambia kitu cha uhakika. Nilikasirika kidogo. Nilitaka hukumu.

Kisha mchomaji mmoja akasimama mkutanoni. "Nani amezihesabu hizo nyuzi? Mtu wa mjini asiyetujua, anataka tufunge kazi!"

Nilisimama pale pale. "Amehesabu mtoto wangu," nikasema. "Mguu wangu ulikuwemo, na hakujua upi ni wangu. Mnamjua. Ndiye aliyemkana mjomba wake mbele yenu kwa sababu kura haikumtaja. Mkiona mtu huyo anaweza kuwapikia hesabu, semeni."

Yule mchomaji akaketi. Sitakudanganya kwamba wote waliacha kuchomea ndani. Baadhi walitoa majiko nje. Wengine mpaka leo wamefunga milango. Mimi niliacha kabisa, tukahamia hapa Ngokolo, nikaanza kuuza pampu na mipira ya maji, na mkono ulizoea kazi hiyo polepole.

Limi, chumba kile nilichochomea ndicho ulichokuwa unalala. Najua unajua. Hujawahi kunitamkia. Nilikuwa nakwambia funika pua na shuka, nikidhani nimekukinga. Hakuna aliyekukata ngozi wewe, kwa sababu kura ya nyumba yetu iliniangukia mimi, na sijui na wala sitajua moshi ule umekuacha vipi. Hilo nalibeba. Sikuombi uniambie kwamba si kitu. Nakuomba tu usiliingize kwenye hadubini yako. Huko utaletewa ubongo wa watu waliokufa kwenye machimbo kama yetu, na utatamani moshi uonekane na hatia zaidi ya ilivyo, kwa ajili yangu, kwa ajili yako. Au utatamani usiwe na hatia, kwa ajili yangu vilevile. Vyote viwili viweke nje ya mlango.

Na usiogope kuwa mtu anayeharibu shughuli. Utakuta profesa ana haraka, ana majibu yake mfukoni, anataka tu uyapatie namba. Utakuta mwenzako mzuri, mwenye watoto, anayezibia pengo ili akalale. Hao si watu wabaya. Baba yako alifanya hivyohivyo kwa mapenzi, kwa mgonjwa wake mwenyewe, na asingesimamishwa angeharibu hesabu ya machimbo mazima huku akijiona mwema. Waheshimu, waamkie kwanza kama ulivyomwamkia mjomba. Kisha sema.

Itakugharimu. Wakati mwingine watakaoacha kukusemesha hawatarudi kuomba maji ya kunywa. Vumilia. Mimi niliyewahi kuwa upande wa pili nakuhakikishia kwamba anayenuna anajua umesema kweli.

Nasikia mama yako anaita karanga zimepoa, niziweke kwenye chupa. Ngoja nimalizie.

Nenda, mwanangu. Wabeja kwa siku ile darasani. Sijawahi kukushukuru, nakushukuru leo kwa maandishi. Majibu yoyote utakayoyapata huko, yalete nyumbani jinsi yalivyo. Kama yatasema baba yako aliwatia watu wake sumu, na wewe ukiwemo, yasome mbele yangu kwa sauti ileile uliyotumia siku ile, nami nitakaa niyasikilize mpaka mwisho.

Ni mimi baba yako,
Shija